Daftari ya shirika letu

Ndugu wa chama chetu waliponiomba niandike juu ya desturi moja ya hapa Bukavu, wengi walifikiri nitachagua ndoa na ng'ombe zake, ao namna wazee wa Bushi walivyozika wakubwa wao. Mambo hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika, na vizuri. Mimi nimechagua daftari. Ni daftari ya kawaida, karatasi mia mbili, kifuniko kigumu, tunaifunga ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mvua. Tangu mwaka 2012 mimi ndiye ninayeiandika, kwa sababu mimi ni sekretere wa shirika, na mimi ni sekretere kwa sababu mimi ni mwalimu. Hapa kwetu, fasi yoyote yenye kalamu na karatasi, watu wanageuza macho kumtafuta mwalimu.

Msomaji wa Bukavu anajua shirika ni nini. Kwa watoto wetu wanaosoma Kinshasa ao wanaokaa Ulaya, nieleze kidogo. Parokia moja ya mji wetu inaweza kuwa na wakristu maelfu mengi, na padri hawezi kuwajua wote kwa uso. Kwa hiyo parokia inagawanyika katika mitaa, na mitaa katika mashirika: nyumba thelathini, arobaini, pengine sitini, zenye kuangaliana kwenye avenyu moja. Kwa Kifaransa wanasema CEVB. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hiyo ya jumuiya ndogo katika mkutano wao wa mwaka 1961, kusudi Kanisa lisibaki tu kuwa jengo la misioni ambamo watu wanaingia siku ya Mungu na kutoka, lakini likae katikati ya majirani. Kila juma tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu. Tunasoma Injili, kila mtu anasema neno lililomgusa, tunaomba. Kisha mkubwa wa shirika anakohoa kidogo na kusema: "Sasa, mambo ya shirika." Ndipo daftari inatoka ndani ya mfuko wake.

Mambo ya shirika ni mengi: nani mgonjwa, nani amezaa, zamu yetu ya kusafisha kanisa ni lini, zaka ya parokia imefika wapi, nani ataandika barua ya yule kijana anayetaka kuoa. Maana mtu asiyejulikana ku shirika anapata taabu kubatizisha mtoto ao kufunga ndoa. Padri atamwuliza barua, na barua inatoka kwetu. Lakini jambo kubwa kupita yote ni kilio.

Mtu akifariki leo mangaribi, usiku huohuo kazi imekwisha kuanza. Vijana wanaleta viti na shitingi, wanafunga kamba kutoka ukuta hadi mti wa avoka. Masufuria makubwa ya shirika yanatoka kwa nyumba yanapowekwa. Wamama wanawasha moto, wanachagua maharagi, wanakata sombe. Wapapa wanakaa usiku kucha karibu na mbabula, wanaongea juu ya marehemu, kisha juu ya siasa, kisha juu ya marehemu tena. Na karibu na mlango kunawekwa meza ndogo, na sahani iliyofunikwa na kitambaa, na mimi nyuma yake na daftari yangu. Mtu anakuja, anatia mkono chini ya kitambaa, ananiambia jina na kiasi, ninaandika. Franga 500, franga 1.000, dolari tano. Mwingine analeta gigozi ya mchele, mwingine sanduku la maji. Baada ya mazishi, komite inaketi na familia na kuwapa yote pamoja na karatasi ya majina. Familia inaitunza ile karatasi pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za kiwanja, kusudi siku ya mwenzako ikifika ujue alikufanyia nini.

Wazungu wanaotembelea parokia wanapenda sana kusikia habari hii. Wanasema ni mapendo ya ajabu. Ni kweli, ni mapendo. Lakini yule mwenye kushika kalamu anaona na kitu kingine.

Wazee wengi wanasema zamani watu walisaidiana bila kuandika, ni mji ndio uliotuharibu. Mimi nilikuwa na koko, mama wa mama yangu, aliyekaa kwenye milima ya Walungu, na ndiye aliyenifundisha kwamba jambo hilo ni nusu ya ukweli. Kule mlimani hakukuwa ambulansi. Mpaka leo fasi nyingi hakuna. Mgonjwa alibebwa na kipoyi, wanaume wanne begani, wengine nyuma wakingoja zamu, saa tatu ao nne za kushuka na kupanda mpaka ku dispansere. Kila nyumba ilitoa mwanaume. Hakuna aliyeandika kitu. Lakini koko alijua nyumba kwa nyumba nani alitoa mtu na nani alisema ana maumivu ya mgongo, hata kwa safari za miaka ishirini nyuma. Juu ya nyumba moja ya upande wa pili wa bonde alipenda kusema: "Bale banabebaka kipoyi na macho." Nilimwuliza: sasa wao wakiugua, wanaachwa nyumbani? Akacheka. Akasema hapana, wanabebwa kama wote. Lakini wabebaji wanapumzika mara nyingi njiani.

Daftari ilikuwa kichwani, basi. Na si kwa mambo ya wagonjwa tu. Kwetu Bushi mtu alipotaka shamba alimpelekea mwami ao mkubwa wa mlima kalinzi, ng'ombe ao mbuzi, na tangu siku ile yeye na watoto wake walikuwa wamefungwa kwa mkubwa yule, na mkubwa amefungwa kwao. Pale ISP profesa mmoja alitufundisha kidogo kitabu cha Mfaransa Marcel Mauss juu ya zawadi, cha mwaka 1925, kinachoonyesha kwamba katika mataifa mengi zawadi inamlazimisha mwenye kupokea arudishe. Wenzangu waliandika haraka kwa ajili ya mtihani. Mimi nilifikiri: huyu Mzungu alikwenda mbali sana kutafuta, angefika Walungu koko angemweleza yote kwa mangaribi moja.

Kuna lakini zawadi moja niliyopokea ambayo haiingii katika mafundisho ya Mauss wala ya koko.

Ilikuwa mwaka 2010. Nilikuwa mwalimu kijana, NU, yaani nimeandikwa kwenye shule lakini serikali bado hainilipi. Msomaji anajua hali ya walimu wetu: tangu miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipokufa, wazazi ndio waliobeba shule kwa primu. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali na za makanisa zilitangazwa kuwa za bure, lakini sisi wa sekondari tuliendelea kula mkononi mwa wazazi. Na primu ina adui mmoja, jina lake likizo kubwa. Julai na Agosti hakuna wanafunzi, hakuna primu. Agosti ile nilishikwa na tifoide. Bibi yangu alikuwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni, miezi minne. Tuliuza radio. Kisha tuliuza saa. Kisha hatukuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa vitabu, na vitabu Bukavu havina mnunuzi mwezi wa nane.

Mangaribi moja tulisikia mlango umegongwa mara mbili. Bibi alipofungua hakuona mtu. Chini kulikuwa kikapo: unga, sambaza zilizokauka, mafuta, sabuni mbili, na bahasha yenye dolari thelathini. Hakuna jina. Mpaka leo sijui ni nani. Nimekwisha kuwashuku watu kumi na mmoja. Kwa miaka mingi niliposalimia mtu yeyote wa avenyu yetu, hata yule mlevi wa kona, nilisalimia kwa heshima zaidi kidogo, kwa maana labda ni yeye. Nilipona. Septemba nilirudi darasani nikiwa mwembamba kama chaki.

Unaweza kufikiri kwamba mtu aliyepokea kikapo cha namna ile angejua vizuri namna ya kushika daftari ya shirika. Nilifikiri vile mimi pia.

Kabla ya kusema kosa langu, niseme neno juu ya desturi nyingine, kwa maana haikuzaliwa peke yake. Siku ya sikukuu ya parokia, baada ya Misa, tunauza vitu kwa mnada. Kuku, ndizi, keki yenye mnara wa kanisa juu yake. Mbuzi moja inaweza kuuzwa mara nne: mkubwa mmoja anainunua kwa dolari hamsini na kuirudishia parokia, mwingine anainunua kwa themanini. Mwenye mikro anapiga kelele za majina na vyeo, kwaya inaimba, wamama wanapiga vigelegele. Injili inatuambia mkono wa kushoto usijue kinachofanywa na wa kuume. Siku ile mikono yote miwili inajua, na kartiye nzima pia. Ninacheka, lakini sitaki kudharau. Baada ya tetemeko la siku ya Mungu ya tarehe 3 Februari 2008, kuta nyingi za mji zilipasuka, na sehemu ya manjanja iliyo juu ya vichwa vya watoto wetu leo ilinunuliwa na mbuzi zile. Mtu anayetaka jina lake lisikike, akilipa, paa halimwulizi alikuwa na nia gani.

Basi, Desemba 2016. Kasha la shirika lilikuwa tupu. Mwaka ule tulikuwa na vilio saba, na nyumba mbili zilishuka na udongo wakati wa mvua. Katika komite tulitafuta njia ya kuamsha watu. Mimi ndiye niliyetoa wazo. Nilisema: tusome majina yote, na jumla ya kila mmoja kwa mwaka mzima, tuanze na wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila mwalimu wa Kongo ataelewa wazo hilo lilitoka wapi. Ndivyo tunavyofanya mwisho wa mwaka wa masomo, siku ya proklamasio: wazazi wamesimama uwanjani, tunasoma asilimia kwa sauti, wa kwanza anapigiwa makofi, na wale wa mwisho wanatazama viatu vyao. Nilikuwa nimeifanya kazi ile miaka mingi bila kuumwa na kitu.

Nikasoma. Nilikuwa na sauti nzuri siku ile. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara mmoja, makofi. Nikashuka, nikashuka. Chini kabisa kulikuwa na mama mmoja mjane anayeuza makala kwenye kona ya avenyu, kwa vikopo, kwa wale wasioweza kununua gunia. Nilisoma jina lake, kisha nikasema: "Zero." Watu walicheka kidogo. Si kwa ubaya, kama darasa linavyocheka. Yeye pia alicheka. Alikaa mpaka sala ya mwisho, akachukua kikwembe chake, akaenda.

Hakurudi. Januari hatukumwona, Februari vilevile. Nilisema labda biashara inamshika. Kila asubui nilipita mbele ya makala yake kwenda kazini, ananisalimia, "Jambo Mwalimu," ninamsalimia, basi.

Mwezi wa Agosti 2017, mwanafunzi wangu mmoja alikwenda kumwona dada yake kwenye materinite fulani ya mji. Aliporudi aliniambia: "Mwalimu, binti wa ule mama wa makala iko kule, anazunguka mu uwanja na mtoto. Banakatala atoke." Nilijua maana yake. Binti, miaka kumi na tisa, alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Fakitiri ilikuwa dolari 140. Hakuwa nazo, na bila kulipa mlango haufunguki. Alikuwa pale majuma matatu, analala kwenye godoro chini ya chumba cha wengine, anakula kilichobaki kwa wagonjwa. Jambo hili katika nchi yetu ni la kila siku hata hatulishangai tena. Na deni linaongezeka, kwa sababu wanahesabu na siku za kukaa.

Nilikwenda kwa mama wa makala mangaribi ileile. Nilisimama mbele ya vikopo vyake.

— Mama, mbona haukutuambia?

— Mwalimu, ningewaambia na kinywa gani? Mu daftari yenu mie niko zero. Weye mwenyewe njo ulisoma.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapanga makala, makubwa juu, madogo chini, na hakuacha kupanga. Mimi nilibaki na maneno ya Kifaransa tu kichwani, ambayo hayamsaidii mtu.

Siku iliyofuata niliomba mkutano usio wa kawaida. Nilieleza mambo yote, na sehemu yangu. Mweka kasha wetu, mzee mwenye haki sana, aliyekuwa karani wa kiwanda siku za zamani, aliondoa miwani na kusema: "Mwalimu, sheria iko sheria. Tuliandika sisi wote: mwenye hakutoa miezi sita hapati msaada ya kasha. Tukianza vile, kesho nani atatoa?" Nami nataka msomaji ajue kwamba mzee yule hakuwa na roho mbaya. Kabla sijaingia katika komite, shirika lilikusanya feza bila kuandika, na feza za kilio kimoja zilipotea mikononi mwa mtu ambaye kila mtu alimwamini. Familia ilizika kwa deni. Ni mzee huyu aliyenunua daftari ya kwanza, kwa feza yake. Kwake daftari ilikuwa silaha ya masikini dhidi ya wajanja.

Kukawa kimya. Kisha akasimama mama mmoja ambaye mume wake tulimzika mwaka 2015. Si mtu wa kusema mengi.

— Mie niko na swali moja tu. Ku kilio ya papa wa batoto bangu, nani alichota maji?

Hakuna aliyejibu. Maji kwenye avenyu yetu hayatoki mara nyingi. Yanachotwa chini, kwenye bonde, na kupandishwa kwa bido za litre ishirini.

— Siku ine, — akasema. — Asubui na mangaribi. Maji haikuanguka mbinguni. Mwalimu, fungua daftari. Andika: mabido makumi mbili.

Nilimtazama mkubwa wa shirika. Akaniinamishia kichwa. Nikafungua, nikaandika. Kabla sijamaliza mwingine akasema: "Na ku ubatizo ya mwana wangu, nani alibaki kusafisha masufuria mpaka usiku? Andika na ile." Mwingine akasema mama wa makala alimlalia mgonjwa wake hospitali usiku mbili. Mwingine, kwamba alitoa makala ya kilio fulani, gunia nusu, na hakuna aliyemwuliza bei. Niliandika ukurasa mzima. Miaka mitano nilikuwa nyuma ya ile meza ndogo, na sahani na kitambaa, na mwanamke yule alikuwa akipita mbele yangu na bido kichwani, mara kumi kwa siku, na katika daftari yangu hakukuwa hata na mstari wa kuandika kitu cha namna ile. Sikuona kama ni toleo. Nilikuwa nikisogeza daftari kusudi maji yasidondokee karatasi.

Mzee mweka kasha alivaa miwani yake tena. Alichukua daftari, akasoma ukurasa ule mpya tangu juu mpaka chini, polepole, kama karani. Kisha akasema: "Sasa iko na haki." Na yeye mwenyewe alitoa dolari kumi za kwanza.

Kwa juma moja tulipata dolari 83. Mkubwa wa shirika na mimi tulikwenda materinite, tuliongea, tuliomba, tulitia sahihi karatasi ya kulipa baki kwa mara mbili. Wasimamizi walikubali, na nilivyoona hawakuwa na furaha ya kumfunga mtu. Wao pia wana wauguzi wa kulipa na serikali haileti kitu. Binti alitoka Posho, na mvulana mzito.

Kwenye mkutano uliofuata nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilitaka kuomba radhi, na kupendekeza kwamba tusiandike tena majina, tuandike jumla tu. Nilikuwa nikifikiri kikapo changu cha mwaka 2010, na nilitaka shirika lote litoe kwa namna ile, usiku, bila jina. Nilikuwa na mistari mizuri ya Injili, yule mjane na sarafu zake mbili, na mengine.

Mama wa makala alifika mapema. Aliketi mbele. Ilipofika mambo ya shirika, kabla sijafungua kinywa, alisimama, akafungua fundo la kikwembe chake, akaweka franga 500 mezani.

— Andika, Mwalimu.

Nikamwambia polepole kwamba hapashwi kutoa, kwamba si lazima, kwamba tunafikiri kuacha mambo ya majina.

— Apana. Andika jina yangu, na feza yangu. Mie nione.

Nikaandika. Akainama juu ya daftari. Hajui sana kusoma, lakini jina lake analijua. Aliweka kidole chini yake, akakitoa, akaenda kuketi. Sikutoa hotuba yangu siku ile. Nilipotoa shauri langu miezi miwili nyuma, ni yeye wa kwanza aliyekataa. Alisema mtu asiyeandikwa akifa wanasema hakuwapo.

Tulikubaliana hivi, na ndivyo tunavyofanya mpaka leo: tunaandika, lakini hatusomi. Mwenye kutaka kujua habari yake anakuja kwa mweka kasha na anaonyeshwa mstari wake, si wa jirani. Na tumeongeza sehemu ya tatu katika ukurasa, upande wa kuume, ya kazi: maji, kuni, kulala hospitali, kuchimba kaburi. Nisiseme kwamba mambo yamekuwa mazuri tangu siku ile. Mwaka wa kwanza feza za kasha zilipunguka, na mfanyabiashara yule wa makofi alihamia shirika lingine, alisema kwetu kumekuwa giza. Na ile sehemu ya tatu imeleta mabishano yake. Mtu mmoja alitaka tuandike kwamba alihudhuria. Kuketi tu! Mzee mweka kasha, Mungu amrehemu, alimjibu kwamba kiti kilifanya kazi kumpita yeye.

Siku za katikati ya Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, maduka yaliporwa, benki zilifunga milango, watu walijifungia majumbani. Hakukuwa mkutano wa shirika wala meza ndogo. Waliokuwa na unga waliwapitishia wengine juu ya ukuta wa uwanja. Mwenye sukari aliipima kwa kijiko. Mama wa makala alikuwa na magunia mawili ndani, na nyumba nyingi za avenyu zilipika kwa magunia yale. Bibi yangu alituma mtoto wetu kwa majirani wawili na sahani iliyofunikwa, na sahani ile ilirudi na kitu kingine ndani yake, na sikumbuki kama niliwaza daftari hata mara moja. Ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wake.

Wakati wa Pasaka, shirika lilipoanza kukutana tena, papa mmoja alikuja na karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameandika yote aliyoyatoa mwezi wa pili: kilo za unga, litre za mafuta, majina ya waliopokea. Aliniomba niyaingize kwa tarehe zake. Alisema haki ni haki. Wengine walianza kukumbuka ya kwao. Mmoja alihesabu mpaka chumvi. Nilitazama mama wa makala, kwa maana nilijua yeye anapenda kuandikwa. Akasema: "Basi na mie uniandike magunia mbili," akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho na kikwembe, na nyumba yote ikacheka naye. Maneno yakaishia pale.

Ukurasa ule una tarehe tu juu, Februari 2025, na chini yake hakuna kitu. Papa yule bado hajaridhika. Juma lililopita, tulipotoka Misa, ameniuliza tena.